Trela la Jeshi na Safari ya Ufipa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Kwa wanachama wote,

Katika mkutano uliopita palitolewa shauri ambalo tangu siku hiyo limezungumzwa sana, barazani, madukani, na hata katika foleni ya kupimisha karafuu. Shauri lenyewe ni hili: Chama kinunue trela moja kuukuu la jeshi, kilitengeneze liwe kambi ya magurudumu, lenye malazi, jiko, maji na hema lake. Wakati wa mavuno lisaidie katika mashamba ya mbali, na panapo wasaa baina ya mavuno liwachukulie mizigo wanachama watakao kwenda bara kuwatazama wakulima wenzetu. Safari ya kwanza iliyotajwa ni ya Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa.

Sisi wa ofisi tuliagizwa tulichunguze jambo hili na kulieleza katika gazeti letu kabla ya kupigwa kura. Tumefanya hivyo, kwa kuwa fedha zitakazotumika ni za wanachama wote, wale watakaosafiri na wale watakaobaki nyumbani, na watakaopanda gari lile ni ndugu zetu.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba trela la jeshi ni chombo kizuri, lakini wengi wanaolinunua hulipenda kwa sababu isiyo yake. Huliona nene, zito na gumu, wakadhani litachukua chochote watakachopakia. Kumbe ubora wake hasa ni kwamba lilipimwa kwa gari fulani na mzigo fulani, na mwenye kuuvuka mpimo huo amekwisha kuuharibu ubora alioulipia. Tutaeleza kwa utaratibu.

KWA NINI UFIPA NI KIPIMO KIZURI

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini tusijaribu kwanza safari ya karibu. Sisi twaona Ufipa ni kipimo kizuri, kwani trela litakaloweza Ufipa litaweza pengi.

Ufipa ni nchi iliyoinuka baina ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo karibu nao hupita mita 2,000. Maziwa yote mawili yako chini sana, karibu na mita 800. Basi msafiri akitoka mjini kwenda bondeni hushuka kiasi cha mita 1,000, na mshuko wenyewe si wa taratibu kama wa vilima vyetu. Ni genge refu, ambalo kwa upande wa Rukwa laitwa Lyambalyamfipa.

Juu ya nyanda hizo ni nchi ya majani na upepo, yenye mahindi, maharage na ulezi. Miezi ya Juni na Julai usiku wake una baridi ambayo mtu wa kisiwani hajapata kuijua. Chini, katika bonde la Rukwa, ni joto, mbu, mpunga na udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua hushika gurudumu kama unga uliokandwa. Kwa siku moja trela litakutana na baridi, mteremko na vumbi.

Jina la mji wenyewe, kama wasemavyo wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi": mwenye kuingia auache nje. Nasi twasema mwenye kwenda Ufipa na trela na atupe kwanza vitu asivyovihitaji.

TRELA LA JESHI NI KITU GANI

Yako matrela ya namna nyingi, lakini mawili ndiyo yanayotufaa kuyajua.

La kwanza ni trela dogo la Kimarekani la robo tani, lililofanywa kwa ajili ya kukokotwa na Jeep katika Vita vya Pili vya Dunia. Historia yake ina funzo. Mwaka 1940 kiwanda cha American Bantam, katika mji wa Butler, Pennsylvania, kilitengeneza gari la mwanzo la namna ya Jeep. Lakini kazi kubwa ya kuyatengeneza magari hayo walipewa Willys na Ford, nacho Bantam kikashika kazi ya matrela. Trela hilo tupu lina uzito wa ratili 550, yaani kilo 250. Magurudumu yake ni sawa na ya Jeep, na upana baina ya gurudumu na gurudumu ni ule ule wa Jeep, ili trela lipite katika alama zile zile gari lilimopita. Sanduku lake la chuma lilifanywa lisiingize maji, hata likaweza kuelea na kuvushwa mtoni, na katika sakafu yake mna vizibo vya kutolea maji.

La pili ni trela la Kiingereza la robo tatu ya tani, la kiwanda cha Sankey, lililokokotwa na Land Rover za jeshi. Hili ni kubwa na zito zaidi, na lina breki zake lenyewe ambazo hushika pale trela linapolisukuma gari kwa nyuma. Majeshi yalipoyaacha, matrela haya yaliuzwa kwa raia, na hata leo wako wanaoyanunua kwa ajili ya safari za porini.

Hapa yatupasa kueleza neno moja ambalo huwakosesha wengi. Jeshi likisema "robo tani" halisemi uzito wa trela, bali lasema mzigo unaoweza kupakiwa katika njia mbaya. Kwa hesabu ya Kimarekani robo tani ni ratili 500, yaani kilo 227. Kwa hesabu yetu ni frasila kumi na nne tu. Mwenye gari la ng'ombe kijijini atacheka akisikia hivyo, lakini gari lake halishuki genge la mita 1,000.

SOMO LA KONGWA

Bara ina kumbukumbu chungu ya vyombo vya jeshi vilivyonunuliwa bila kupimwa na ardhi. Baada ya vita, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, wakanunua matrekta na mitambo iliyoachwa na majeshi. Wakafika hata kuvigeuza vifaru vya Sherman viwe matrekta, yakaitwa Shervick, kwa kuyaunganisha majina ya Sherman na Vickers.

Vifaru ni vya nguvu, hapana shaka. Lakini visiki na mizizi ya Kongwa haikuwa vita ambavyo vifaru vilifanyiwa, na udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kama tofali, ukayala majembe. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa katika hesabu ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Wala hatusemi kwamba ilikuwa ni kosa la chuma peke yake. Kulikuwa na mambo mengi. Lakini funzo lililo wazi kwetu ni kuwa nguvu ya chombo haiwi badala ya kuijua ardhi kitakapotumika. Kwa hiyo tumeanza na Ufipa, kisha tukaja kwenye trela.

KULIKAGUA KABLA YA KULIPA

Tukipelekwa kutazama trela, fundi wetu na aangalie mambo haya kwa mpango huu.

Kwanza, chasisi na mkono wa kukokotea. Rangi mpya nene juu ya chuma kikuukuu ni ya kutiliwa shaka. Apige nyundo ndogo kila mahali: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa. Sisi wa kisiwani twajua hewa ya chumvi ifanyavyo kwa mabati ya nyumba zetu, basi trela lenye kutu iliyoanza litamalizwa hapa kwa misimu michache.

Pili, sakafu. Afungue vizibo vya maji. Kama vimeshikana, maji yamekuwa yakilala ndani, na kutu iko chini ya rangi. Baadaye pia ikumbukwe kwamba sanduku lisiloingiza maji halitoi maji vile vile: mvua moja ya usiku na vizibo vimefungwa, asubuhi unga na mablanketi yanaogelea.

Tatu, ekseli na beringi. Gurudumu liinuliwe kwa jeki lizungushwe kwa mkono. Likikwaruza au likicheza, beringi zimekwisha. Hizi si ghali, lakini ziwe za namna ipatikanayo madukani. Beringi isiyopatikana Sumbawanga wala Mbeya ni sawa na kutokuwa na gurudumu.

Nne, matairi. Tairi la jeshi huonekana zima kwa sababu halikutembea, lakini mpira ukikaa miaka mingi juani hupasuka ubavuni. Hayo yabadilishwe yote, yawekwe ya kipimo kile kile cha gari litakalokokota, ili tairi moja la akiba litosheleze gari na trela.

Tano, karatasi. Trela lina kuandikishwa na namba yake, na la kutoka visiwani kwenda bara lina mambo yake ya forodha, ambayo yafaa kuulizwa mapema kabla ya kufika bandarini. Na rangi ya jeshi ibadilishwe. Raia kuvaa sare za jeshi ni marufuku katika Tanzania, na hata kwa trela hatuoni faida ya kusimamishwa katika kila kizuizi tukaulizwa tumelipata wapi.

KAZI YA FUNDI

Trela likishapatikana, kazi ya mwanzo ni kupunguza. Vyuma vya kufungia vitu vya jeshi tusivyovihitaji vikatwe. Kisha zitazamwe springi. Springi za jeshi zilifanywa kwa mzigo kamili, na trela likiwa jepesi huruka kama mpira katika njia ya mawe, likavunja vyombo vyote vilivyomo. Aghalabu hutosha kutoa bamba moja katika kila upande na kutia shokapu. Lakini kazi hiyo ifanywe baada ya trela kupimwa likiwa na mzigo wake, si kwa kukisia.

Kiungo cha kukokotea tunashauri kibaki kile cha jeshi, pete ya chuma upande wa trela na kulabu upande wa gari. Viungo vya kitufe vya matrela ya mjini ni vitulivu katika lami, lakini gari likiinama upande huu na trela upande ule, pete huzunguka bila kuvunjika, na kitufe hufika mwisho wake. Pamoja na kulabu iwepo minyororo miwili ya usalama, ili kiungo kikifunguka trela lisiende lipendako.

Sanduku tunalipangia hivi. Juu yake uwe mfuniko wa mbao nyembamba zilizofungwa kwa fremu ya chuma chembamba, wenye bawaba upande mmoja. Juu ya mfuniko lilale hema la turubai lililokunjwa. Kambini hema hufunguliwa, na mfuniko huo huwa kitanda cha watu wawili, kilicho juu ya ardhi, mbali na baridi, umande na siafu. Wawili wengine hulala chini ya turubai lililotandazwa ubavuni. Nyuma liwepo kasha la jiko lenye kuvutwa, ambalo mlango wake ukishushwa huwa meza. Kila kitu kifungwe kwa bolti na nati za kawaida, si kwa vifaa vya ajabu vya kuagizwa.

Kwa jambo hili la mwisho tuna sababu. Wafipa ni watu wa chuma tangu zamani. Katika nchi yao zilikuwako tanuru ndefu za udongo, zaitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu. Tanuru hizo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto, zikayeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti ya kwao. Na mabaki yake yako mpaka leo. Mafundi wa Sumbawanga wa siku hizi wana mashine za umeme za kuchomelea. Trela lililofanywa kwa chuma cha kawaida na bolti za kawaida litatengenezwa huko kwa saa moja. Lililofanywa kwa vitu vya katalogi litangoja meli.

Rangi nayo si jambo la urembo. Katika misitu ya miyombo ya Rukwa na Katavi wako mbung'o, nao hupenda sana buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego ya kuwanasa hufanywa kwa nguo za rangi hizo. Basi trela na hema viwe vya rangi ya mchanga au ya majani makavu. Wale waliopendekeza buluu ya bahari kwa heshima ya kisiwa chetu, tunawaomba watuwie radhi.

SHEHENA NA FARUMI

Sasa twaja kwenye hesabu, ambayo ndiyo moyo wa shauri hili. Tumelichukua trela la robo tani, lenye haki ya kubeba kilo 227, tukaandika kile ambacho watu wanne hawana budi nacho:

Mfuniko na hema, kilo 70.
Maji, madumu matatu ya lita 20, kilo 60.
Chakula na vyombo vya jiko, kilo 40.
Tairi la akiba, jeki, zana na kamba, kilo 35.
Magodoro, mablanketi na vyandarua, kilo 20.

Jumla ni kilo 225. Zimebaki kilo mbili. Na hapo hakuna nguo, kwani hizo zitakaa garini.

Katika maoni yaliyoletwa ofisini, yako ya kutia jokofu, jiko la gesi na mtungi wake, kabati la mninga, meza na viti sita, tangi la maji la lita 200, na paa la bati. Kila aliyeleta oni lake aliona ni kitu kidogo. Lakini tangi hilo peke yake likijaa ni kilo 200, karibu haki yote ya trela. Tukiyakubali maoni yote tutakuwa na nyumba nzuri sana ambayo haitafika.

Wako watakaosema, basi tununue lile la robo tatu ya tani. Ni shauri la maana, na ndilo lenye breki zake. Lakini lenyewe tupu ni zito zaidi, lataka gari kubwa zaidi na mafuta zaidi, na tujuavyo sisi wanadamu, nafasi ikiwapo hujazwa.

Namna ya kupakia ni muhimu kama uzito. Manahodha wetu hawahitaji kufundishwa kazi ya farumi chomboni: iwe chini, iwe katikati, isiteleze. Trela ni vile vile. Maji yawe sakafuni, mbele kidogo ya ekseli; zana karibu yake; vitu vyepesi juu na nyuma. Trela likisimama peke yake, mkono wake uwe na uzito wa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Kwa trela letu lenye kilo 480, mkono ulemee kiasi cha kilo 48. Mwenye gari la ng'ombe aijua sababu: mzigo ukilemea nyuma, nira huinuka ikamkaba ng'ombe koo, ukilemea mbele, humvunja shingo. Tofauti ni kwamba ng'ombe husimama akalalamika. Gari halisemi, trela zito nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia katika mwendo wa kasi, na mpaka dereva kutambua, limekwisha kulivuta gari nje ya njia.

MTEREMKO

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 1,100, na siku hizi njia yote ni ya lami. Kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, kiasi cha kilomita 224, kilitengenezwa kwa msaada wa Marekani katika mpango ulioanza mwaka 2008. Njia hiyo ina kipimo chake pale Kitonga, kabla ya Iringa, ambapo malori hupanda kwa kunguruma. Lakini mtihani wenyewe huanza unapoiacha njia kuu, mathalan katika njia ya Ntendo kwenda Muze, ambayo hushuka gengeni mpaka bonde la Rukwa.

Tufanye hesabu moja ili jambo hili lionekane. Kitu chochote kikishuka, nguvu ya kule kushuka lazima iende mahali, nayo ikizuiwa na breki hugeuka joto. Trela letu la kilo 480, likishuka mita 1,000, latoa joto la kutosha kuchemsha lita 14 za maji, zaidi ya robo tatu ya debe. Gari lenyewe na watu wake, kama ni tani mbili na nusu, lachemsha madebe manne. Joto lote hilo, isipokuwa lile linalomezwa na injini na upepo, linaingia katika vipande vidogo vya chuma ndani ya magurudumu. Breki ikipata moto kupita kiasi hukanyagwa ikaenda chini bila kushika. Na ndipo mtu hujua kwa hakika ni kilo ngapi alizozidisha.

Kwa hiyo tunasema haya. Trela la Kimarekani la robo tani lina breki ya mkono ya kulisimamisha tu, halina breki ya mwendo. Likishuka, gari ndilo linaloshika yote mawili. Kama ndilo tutakalolinunua, ama litiwe breki, ama likokotwe na gari zito zima, tena lisizidishwe hata kilo moja. Trela la Kiingereza lina breki zinazoshika linaposukuma, lakini katika mteremko mrefu husukuma wakati wote, basi breki zake hazipumziki. Dereva asimame mara kwa mara mahali pa usawa, aweke kabari magurudumuni, apeleke mkono karibu na kitovu cha gurudumu bila kukigusa, na kama kinachoma angoje kipoe chenyewe. Asimwagie maji, kwani chuma chenye moto kikipata maji ya baridi hupasuka.

Na kanuni ya wazee wa malori ndiyo kanuni bora: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Gia ya chini iingizwe juu, kabla ya mteremko, si katikati yake. Abiria wasiokuwa na kazi washuke watembee. Mandhari ya ziwa kutoka gengeni ni nzuri, na miguu haihitaji breki.

KAMBI YA JUU NA KAMBI YA CHINI

Juu, karibu na Sumbawanga, adui ni baridi na upepo. Trela lisimamishwe ubavu wake ukiuelekea upepo, ili jiko liwe upande wa kinga. Mablanketi mawili kwa kila mtu si anasa. Msitu wa Mbizi ni hifadhi, nao wana mbega wekundu ambao ni fahari ya nchi hiyo. Kuni zisikatwe humo. Tuchukue makaa yetu na seredani.

Anayetaka kuona maajabu na aende upande wa Matai mpaka maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mbele yake, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, uko mji wa Kasanga, ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg.

Chini, katika mbuga za Rukwa, mambo ni mengine, na wako waliotangulia kupafahamu. Tangu 1930 hadi 1944 nzige wekundu walizila nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, na watafiti waligundua kwamba mbuga za Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana kabla ya kutawanyika. Mwaka 1949 nchi zilizohusika ziliwekeana mkataba wa kuanzisha shirika la kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka. Mrithi wa shirika hilo yuko Ndola, Zambia, na mbuga za Rukwa zinaangaliwa mpaka leo. Kazi hiyo haikuweza kufanywa kutoka mezani; iliwapasa watu kuzunguka mbugani wenyewe. Kila shamba la mahindi lililosalimika kuanzia huko mpaka pwani linao mchango wa watu waliolala katika mahema pale.

Mwenye kupiga kambi huko leo ajue haya. Maji ya Ziwa Rukwa yana magadi, basi ya kunywa yatoke juu. Viboko na mamba wamo, kwa hiyo dago lisiwekwe ufukoni kama tufanyavyo kwetu, bali mbali na maji na mbali na njia za viboko. Chandarua kila usiku. Na safari iwe baina ya Juni na Oktoba. Mvua zikianza mwezi wa Novemba udongo mweusi hautofautishi gari jipya na kuukuu, vyote huvizika.

SHAURI LETU

Baada ya kuyapima hayo, ofisi inashauri Chama kisikatae trela, wala kisikimbilie kulinunua. Linunuliwe kwa masharti manne: chasisi yake iwe nzima kwa ushahidi wa fundi asiyelipwa na muuzaji, liwe na breki za mwendo au litiwe kabla ya safari yoyote, lipimwe katika mizani, likiwa na mzigo wake wote, mbele ya wajumbe wawili wa kamati, na uzito ulioruhusiwa uandikwe kwa rangi ubavuni mwake, kwa tarakimu kubwa, ili mtu yeyote, hata mwenyekiti, akileta kabati la mninga aonyeshwe maandishi hayo.

Sharti hili la mwisho wako waliolicheka. Lakini mizani ya karafuu tunaiamini kwa sababu haimjui mtu, na mteremko wa Lyambalyamfipa nao haumjui mtu. Tofauti yake ni kwamba mizani hukwambia kabla.

Wanachama wenye maoni, hasa madereva na mafundi waliowahi kukokota trela katika njia za bara, wanaombwa wayalete ofisini kwa maandishi au kwa mdomo kabla ya mkutano. Orodha ya mzigo tuliyoipanga imebandikwa mlangoni. Anayetaka kuongeza kitu anakaribishwa, mradi aonyeshe pia ni kitu gani atakachokitoa.

Katibu